Mama ana kisukari, na moto wa miguuni umezima wenyewe: je, mishipa ya fahamu imepona?

Binti wa Mbagala (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 63, na ameishi na kisukari kwa miaka 11. Kwa karibu miaka mitatu alikuwa akilalamika kwamba nyayo zinamwaka moto, hasa usiku, hata akawa analala miguu ikiwa nje kwa sababu uzito wa kanga tu ulimuumiza. Siku nyingine alisema anahisi sisimizi wakitembea chini ya ngozi, na siku nyingine michomo kama ya sindano ilimshtua usingizini. Tangu Ramadhani moto huo ulianza kupungua, na sasa ni miezi miwili hajalalamika hata mara moja. Amefurahi sana. Amewaambia majirani kwamba amepona, na ameanza kuruka vidonge vyake vya sukari kwa hoja kwamba mwili sasa umeizoea.

Jambo lililonitia hofu lilitokea Alhamisi. Alirudi kutoka sokoni Rangi Tatu akiwa amevaa kandambili, na nilipompokea kikapu nikaona alama za damu sakafuni. Msumari mfupi wa bati ulikuwa umepenya kandambili na kuingia kwenye unyayo, naye alikuwa ametembea nao hadi nyumbani bila kujua. Nilipouchomoa hakusema hata "ah".

Ninaomba mwenye elimu anieleze, kwa undani kadiri awezavyo, ni nini hasa kinachotokea ndani ya mishipa ya fahamu ya mtu mwenye kisukari. Kwa nini ugonjwa wa sukari, ambao nilifundishwa kuwa ni wa kongosho, unashambulia miguu? Kwa nini kanga ilimuumiza, lakini msumari haukumuuma? Na je, moto kuzima ni dalili ya kupona?

Muuguzi wa Vidonda (Jumapili, saa 4:15 usiku)

Dada, nitaanza na la haraka, mengine yatafuata. Kesho asubuhi mpeleke mama akasafishwe jeraha hilo, achunguzwe kama kuna kipande kilichobaki, apewe kinga ya pepopunda na apimwe sukari. Usisubiri aanze kusikia maumivu, kwa kuwa hatayasikia.

Kuhusu swali lako la mwisho, hajapona. Nimehudumia vidonda vya miguu kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na sentensi ninayoiogopa kuliko zote mdomoni mwa mgonjwa ni hiyo ya mama yako: "Siku hizi haiwaki tena." Mguu unaowaka bado una mishipa inayolalamika. Mguu ulionyamaza wakati sukari ingali juu, mara nyingi ni mguu ambao mishipa yake imekufa. Wagonjwa wengi wanaotufikia wakiwa na donda ndugu hawakuwa na maumivu hata kidogo, na ndiyo maana walichelewa.

Sisi wa Pwani tumezoea kusema kwamba panya huuma na kupuliza, ndiyo maana aliyelala haamki. Hapa jijini tumewapokea wagonjwa wa kisukari walioamka asubuhi na kukuta kidole cha mguu kimeliwa na panya, na jambo hilo limewahi kuandikwa na madaktari wa hapa katika majarida ya tiba. Kwa watu hao panya hakuhitaji kupuliza. Ikiwa nyumbani kuna panya, mama alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na miguu yake ioshwe kila usiku isibaki na harufu ya chakula.

Suala la kinachotokea ndani ya mshipa nitamwachia mwenye taaluma ya kulieleza.

Mwalimu Mstaafu wa Fiziolojia (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Nimesoma swali hili alfajiri, na nimeona ni vyema nilijibu kwa urefu, kwa sababu binti ameuliza kwa mpangilio mzuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Kwanza tuuelewe mshipa wenyewe. Hisia ya kidole gumba cha mguu hubebwa na seli ambazo kitovu cha kila moja kimekaa kandokando ya uti wa mgongo, sehemu ya chini. Kutoka hapo seli hutoa mkia mwembamba, unaoitwa aksoni, unaoshuka kupitia paja na muundi mpaka ncha ya kidole, yaani karibu mita 1 kwa mtu mzima. Ukiacha seli za fahamu, hakuna seli nyingine mwilini yenye umbo la namna hiyo. Mkia huo hauwezi kujitengenezea sehemu kubwa ya protini zake. Nyingi hutengenezwa kitovuni na kusafirishwa chini, baadhi kwa mwendo wa kasi unaofikia milimita 400 kwa siku, nyingine kwa mwendo wa milimita chache tu kwa siku. Kipande cha ukuta wa ndani wa mkia huo kinaweza kuchukua zaidi ya mwaka mzima kabla ya kufika kidoleni.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini miguu. Wakazi wa jiji hili wanajua kwamba nguvu ya maji ikipungua kwenye bomba, nyumba ya mwisho wa mtaa ndiyo inayokauka kwanza. Seli ya fahamu iliyodhoofika hushindwa kuulisha mwisho wa mkia wake, na mikia mirefu kuliko yote ndiyo inayokwenda vidoleni. Ganzi huanza huko, hupanda taratibu kama soksi, na inapokaribia magoti ndipo mikono nayo huanza, kwa sababu mikia ya mikononi ni mifupi zaidi. Daktari akiona ganzi iliyoanza kwenye mguu mmoja tu, au iliyopanda ghafla kwa siku chache, hana budi kutafuta ugonjwa mwingine.

Sasa sukari inaingiaje? Misuli na mafuta ya mwili huhitaji insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ili kuipokea sukari kwa wingi, lakini seli za fahamu, pamoja na seli za Schwann zinazozivika ala ya mafuta, huipokea bila kutegemea sana insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda pia ndani yao, watake wasitake. Sehemu ya ziada hiyo hugeuzwa kuwa kemikali iitwayo sobitoli, ambayo haitoki kwa urahisi. Mabadiliko hayo hula akiba ya kemikali ambayo seli ingeitumia kujilinda dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Sehemu nyingine ya sukari hujibandika kwenye protini na kuziharibu umbo. Mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, huelemewa na kuanza kuchakaa. Zaidi ya hayo, mishipa midogo ya damu inayoilisha mishipa ya fahamu huwa minene ukutani, na hewa safi haifiki inavyopasa. Kongosho ndilo lililokosea, lakini gharama inalipwa na viungo vingine ambavyo havina mlango wa kuizuia sukari: macho, figo na mishipa ya fahamu.

Swali la kanga na msumari ndilo zuri kuliko yote. Utando wa seli ya fahamu iliyotulia una tofauti ya umeme ya takribani millivolti 70 kati ya ndani na nje. Ujumbe ni badiliko la umeme linalokimbia kwenye utando huo pale vijilango vinapofunguka na kuruhusu sodiamu iingie, kisha potasiamu itoke. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili, walilieleza jambo hili kwa hesabu kamili mwaka 1952, wakitumia aksoni nene ya ngisi wa baharini, jamaa wa hawa tunaowaona kwenye meza za soko la samaki la Feri, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel. Daktari wa meno anapokudunga dawa ya ganzi, hiyo dawa huziba vijilango vya sodiamu na ujumbe unakwama njiani.

Mshipa ulioanza kuumizwa na sukari hauendi moja kwa moja kwenye ukimya. Kwanza huchanganyikiwa. Vijilango vya sodiamu huongezeka mahali visipostahili, na mkia huanza kufyatua ujumbe wenyewe bila kuguswa. Ubongo haujui kwamba ujumbe umezuka katikati ya njia. Unaupokea kama moto uliopo kidoleni, na hakika ni maumivu ya kweli, si ya kufikirika. Mvua hiyo ya ujumbe ikidumu, seli za uti wa mgongo zinazoupokea nazo huwa nyepesi kushtuka, kiasi kwamba hata mguso wa kanga, unaobebwa na mishipa mingine isiyohusika na maumivu, hutafsiriwa kuwa maumivu. Usiku hali huonekana mbaya zaidi, labda kwa sababu mchana kuna shughuli na sauti nyingi za kuushughulisha ubongo.

Baadaye, miisho ya mishipa myembamba, ile inayobeba joto na maumivu na isiyo na ala ya mafuta, hunyauka na kujiondoa kwenye ngozi. Moto unazima kwa sababu hakuna tena wa kuuripoti. Mtu yuleyule aliyeumizwa na kanga mwaka juzi anaweza kukanyaga msumari mwaka huu asitambue. Moto ule na ganzi hii ni ugonjwa mmoja ulio katika hatua mbili.

Binti wa Mbagala (Jumatatu, saa 8:05 mchana)

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu.

Tumetoka hospitali. Jeraha limesafishwa, amechomwa sindano ya pepopunda, na sukari yake ilikuwa 17.4, yaani juu mno. Alipewa pia kipimo cha uzi mgumu wa nailoni unaobonyezwa kwenye unyayo huku amefumba macho, na kati ya sehemu kumi alizoguswa alihisi tatu tu. Mama mwenyewe alishangaa. Alidhani daktari bado hajaanza.

Nina maswali mawili yaliyosalia. La kwanza, je, mishipa iliyokufa huota tena? La pili, ngozi ya miguu yake imekuwa kavu mno, ana magaga makubwa kisiginoni, na akisimama ghafla hupata kizunguzungu. Je, haya nayo yanahusiana, au ni umri?

Mkazi wa Tandika (Jumatatu, saa 12:30 jioni)

Dada, pole sana, na mpe mama pole zangu. Ninaandika kama mgonjwa na si mtaalamu.

Mimi nilianza dawa za kifua kikuu, na mwezi wa pili miguu ikaanza kuwaka sawasawa na unavyoeleza. Sukari yangu ilikuwa sawa. Katika kituo nilichoanzia sikupewa maelezo yoyote, kwa hiyo nilifuata ushauri wa watu: kila usiku nilitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Usiku mmoja niliona maji ni ya vuguvugu tu. Mke wangu alipoingiza mkono aliutoa upesi na kupiga kelele. Asubuhi nyayo zote mbili zilikuwa na malengelenge, na nilikaa ndani wiki sita bila kazi. Ninalisema hili kwa uzito wote: mtu mwenye ganzi asipime maji kwa mguu, na wala asitumie beseni hilo la moto linalosifiwa kila mahali.

Baadaye daktari mwingine aliniongezea vitamini B6, na kwa miezi kadhaa moto ulipungua hadi ukaisha, na hisia zangu zilirudi. Ningependa wataalamu waeleze kwa nini yangu ilirudi, maana nami sikuwahi kuelezwa.

Mfamasia wa Kata (Jumatatu, saa 2:50 usiku)

Ndugu wa Tandika, dawa iitwayo aizoniazidi, iliyomo katika matibabu ya kifua kikuu, huingilia kazi ya vitamini B6 mwilini na kuifanya itoke kwa wingi kwenye mkojo, na seli za fahamu haziwezi kufanya kazi vizuri bila vitamini hiyo. Ndiyo sababu wagonjwa walio katika hatari, kama wenye kisukari, wajawazito, wenye lishe duni au wanaoishi na VVU, hupewa pairidoksini, yaani hiyo B6, pamoja na dawa hizo. Kwako chanzo kilikuwa upungufu, nao ulizibwa mapema kabla mikia ya seli haijafa kwa wingi.

Hata hivyo, ninaomba mtu asisome habari hii na kukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya "vitamini za neva" kwa mwaka mzima. B6 nyingi kupita kiasi kwa muda mrefu nayo huua mishipa ileile ya hisia, na nimekutana na wateja wanaomeza aina tatu za vidonge, zote zikiwa na B6 ndani, bila kujua. Soma karatasi iliyomo ndani ya paketi.

Kwa mama, jambo la kuuliza ni vitamini B12. Ikiwa kwa miaka hiyo 11 amekuwa akitumia vidonge vya sukari viitwavyo metfomini, dawa hiyo, ingawa ni nzuri na asiiache, hupunguza ufyonzwaji wa B12 tumboni, na B12 inahitajika kuijenga na kuitunza ala ya mafuta ya mshipa. Upungufu wake unaweza kuumiza mishipa hata pale ambapo damu haijapungua, kwa hiyo mtu akipimwa wingi wa damu peke yake tatizo linaweza kupita bila kuonekana. Vitamini hiyo hupatikana kwenye maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mboga na nafaka hazina.

Endapo moto utarudi, na unaweza kurudi, kuna dawa. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku huimarisha njia za ubongo zinazoshuka kuyatuliza maumivu kwenye uti wa mgongo. Gabapentini na pregabalini hushika sehemu ya vijilango vya kalsiamu na kupunguza kemikali zinazorushwa kati ya seli na seli. Kwa umri wa mama, amitriptilini itolewe kwa uangalifu, hasa kwa kuwa umetaja kizunguzungu. Panado haitamsaidia sana, kwa sababu maumivu haya hayatokani na jeraha la nyama. Pia ipo krimu iliyotengenezwa kwa kemikali ya pilipili. David Julius, mwanasayansi wa Marekani, alitambua mwaka 1997 kijilango kwenye mshipa wa fahamu kinachofunguliwa na kemikali hiyo na pia na joto la kama nyuzi 43, ndiyo maana pilipili hutuunguza bila moto. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Krimu hiyo huchosha kijilango hicho mpaka kinatulia, lakini isipakwe kamwe kwenye ngozi yenye jeraha kama la mama.

Mwalimu Mstaafu wa Fiziolojia (Jumanne, saa 12:45 asubuhi)

Marahaba binti, na hongera kwa kumfikisha mama hospitali.

Mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo ina uwezo wa kuota tena, tofauti na ile iliyo ndani yake. Mkia uliokatika hukua kwa takribani milimita 1 kwa siku katika mazingira mazuri, ukiongozwa na seli za Schwann. Kwa mwenzetu wa Tandika upungufu wa B6 ulizibwa, seli zilikuwa hai, miisho ikarudi. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu udongo wenyewe umechoka: mishipa midogo ya damu ni minene na sukari bado inaendelea kuharibu, hivyo kinachoota ni kidogo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, kwa wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza tatizo la mishipa ya fahamu kwa kama asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo yaelekea ndiyo ya mama, faida hiyo ipo lakini ni ndogo zaidi, kwa kuwa shinikizo la damu, mafuta kwenye damu na unene navyo vina mchango. Kwa hiyo vidonge alivyoviacha vinailinda mishipa iliyobaki, ikiwemo ya mikononi, ambayo bado haijaguswa. Lakini sukari ishushwe kwa hatua chini ya daktari, maana ikiporomoshwa kwa ghafla kutoka juu sana huweza nayo kuamsha maumivu makali ya mishipa.

Magaga na kizunguzungu vinahusiana. Ipo mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru: hutoa jasho, hubana mishipa ya damu tunaposimama, huendesha moyo na tumbo. Sukari haiibagui. Ya jasho ikifa, ngozi ya mguu hukauka na kupasuka, na kila ufa ni mlango wa vijidudu. Ya kubana mishipa ya damu ikidhoofu, damu hubaki miguuni mtu anaposimama, na kichwa kinazunguka. Daktari ampime shinikizo la damu akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Tena ujue kwamba mtu wa namna hii anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua. Akipata jasho jingi la ghafla, kichefuchefu au kukosa pumzi kusikoeleweka, msisubiri asubuhi.

Niongeze jambo moja ambalo huwa linanigusa. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alikuta watu wakiamini kwamba ukoma huozesha vidole. Bakteria wa ukoma huingia kwenye seli za Schwann na kuua hisia, na Brand alipowafuatilia wagonjwa wake aligundua kwamba sehemu kubwa ya vidole na nyayo ilikuwa ikipotea kwa majeraha ya kawaida ambayo hakuna aliyeyasikia: sufuria ya moto, msumari, kiatu kinachobana. Mguu wa mama uko katika hali hiyohiyo, na ulinzi wake ni uleule aliowafundisha wale. Macho yafanye kazi iliyoachwa na ngozi.

Muuguzi wa Vidonda (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Ninaunga mkono, na nitaeleza namna ya kuyatumia hayo macho. Kila jioni, kwenye mwanga mzuri, mmoja wenu ashike mguu wa mama aangalie unyayo, kisigino na katikati ya vidole. Akiwa peke yake, aweke kioo sakafuni. Mafuta ya kupaka yaende kwenye visigino na nyayo, yasiingie katikati ya vidole. Sugu zisikatwe kwa wembe. Kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani na kupapasa. Nimewahi kutoa kwenye kiatu cha mgonjwa mmoja ufunguo aliotembea nao siku nzima. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, wala asikae karibu na jiko la mkaa miguu ikiwa imeelekezwa kwenye moto.

Kipo pia kipimo cha nyumbani kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kisichohitaji kifaa. Mama afumbe macho, kisha mguse polepole kwa ncha ya kidole, kwa sekunde moja au mbili bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asiyehisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita yuko hatarini. Kwa mama tunajua tayari, lakini wafanyie wajomba na mama wadogo wenye kisukari, na wewe mwenyewe uendelee kupimwa sukari.

Kandambili zile zitupwe.

Binti wa Mbagala (Jumamosi, saa 11:20 jioni)

Asanteni nyote. Mama amerudi kwenye vidonge vyake, na kliniki wamemwandikia kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu pamoja na cha B12. Jeraha linafunga.

Leo tumekwenda Kariakoo kumtafutia viatu. Muuguzi wa kliniki alitushauri twende jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na tuchore nyayo zake kwenye karatasi akiwa amesimama, kisha tukate mchoro huo na kuuingiza kwenye kila kiatu, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuhisi kinachobana. Viatu vitano alivyovisifu kuwa vinamkaa vizuri, karatasi ilikunjika pembeni. Cha sita ililala yote.

Wajomba wawili nimewagusa vidole jana. Mmoja alihisi vyote sita. Mwingine alihisi vitatu, na Jumatatu tunakwenda naye.